Kwa Nini Hofu Inabaki Nyuma ya Vita? Zungumzo Juu ya Walinzi wa Ubongo

Zungumzo hili lilipita katika redio, nasi tumeliandika kwenye karatasi kwa ajili ya wale wasio na redio, na wale ambao betri zao ziliisha katikati. Lisome polepole. Kama nyumbani kwako kuna mtu asiyejua kusoma, msomee kwa sauti.

Swali la leo limetoka kwenu, tena limekuja zaidi ya mara moja. Shefu anauliza: vita vimeisha hapa tangu miaka mingi, sasa kwa nini watu waliokimbilia kwangu bado wanalala na nguo zao, na bahasha ya karatasi iko chini ya kichwa? Tairi ya kinga inapasuka sokoni, na mama mwenye miaka arobaini anaacha samaki wake juu ya meza, anashika mtoto na kukimbilia mtoni. Wengine wanamcheka. Wengine wanasema ana roho mbaya iliyomfuata kutoka msituni. Na yeye mwenyewe, akirudi kuokota samaki wake, anaona haya.

Tukumbuke kidogo mambo yenyewe. Vita vilivyoanza mwaka 1998 viligawa nchi, na huku kwetu Katanga ya kaskazini vikazaa Mai-Mai. Mwanzo walisema wanalinda vijiji. Halafu wengi wao wakageuka kuwa mzigo wa vijiji vile vile. Mwisho wa mwaka 2005 jeshi la taifa liliwafuata Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga, na watu kwa makumi ya maelfu wakaacha nyumba zao. Wengine walishuka mpaka Lualaba. Wengine walikaa juu ya visiwa vya majani vinavyoelea katika ziwa Upemba, mahali ambapo ukikanyaga vibaya mguu unazama majini. Mwezi wa tano mwaka 2006 Gédéon alijisalimisha Mitwaba, na mwaka 2009 tribinali ya kijeshi ikamhukumu kifo kule Kipushi. Mwezi wa tisa mwaka 2011 akatoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, na mbio zikaanza tena, mpaka alipojitokeza mara ya pili mwezi wa kumi mwaka 2016.

Basi mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 2005 leo ni mzazi. Na kabla moyo wake haujatulia alikimbia mara ya pili, wengine mara ya tatu. Nawaomba mshike neno hili la mara ya pili, kwa maana tutalirudia.

Mimi nilisomea sheria, si udaktari. Lakini katika kazi ya kufundisha watu haki zao nimekaa katika mabaraza mengi ya vijiji, na nimeona kwamba kesi nyingi zinaharibika kwa sababu hatujui hofu inafanya nini ndani ya mwili wa mtu. Ndiyo maana leo nazungumza habari ya ubongo. Sitasema jambo ambalo wataalamu hawajaliona.

Tuanze na yale yanayojulikana tangu zamani. Mtu akisikia risasi, kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo, yenye umbo kama punje ya lozi, ambayo wataalamu wanaiita amigdala. Hiyo inapiga ngoma ya hatari kabla mtu hajafikiri. Juu ya mafigo kuna tezi mbili ndogo. Zinamwaga dawa ya mwili katika damu, adrenalini kwanza, halafu kortizoli. Moyo unapiga mbio, tumbo linakaza, miguu inapata nguvu ya kukimbia. Hii si ugonjwa. Bila hiyo wengi wetu hatungekuwa hapa. Karibu na amigdala kuna sehemu nyingine, hipokampo, ambayo kazi yake ni kuweka mambo katika mpango: hili lilitukia wapi, lipi lilitangulia, lipi lilifuata.

Miaka mingi watu walidhani habari inaishia hapo. Walidhani hofu ni kazi ya neva peke yake, kama nyuzi za simu. Lakini ndani ya ubongo kuna wakaaji wengine ambao hawapitishi habari kama neva. Wao ni walinzi.

Mmejua kwamba mwili una askari wake. Ukichomwa na mfupa wa samaki, kidole kinavimba na kutoa usaha. Hiyo ni kazi ya askari wa damu wanaopigana na vijidudu. Ubongo nao una askari wake, ambao hawatoki nje kwa zamu na kurudi, bali wanakaa humo humo tangu mtu akiwa tumboni mwa mama. Wanaitwa mikroglia. Ni seli ndogo sana, hazionekani kwa macho, na katika kila seli kumi za ubongo karibu moja ni ya namna hiyo. Mwaka 2010 wataalamu walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba mbegu yao inatoka katika mfuko ule unaolisha mimba changa, wanaingia katika ubongo mapema sana, wanajenga humo na kuzaana humo.

Aliyewapa jina ni daktari wa Hispania, Pío del Río-Hortega, mwaka 1919. Nataka mjue jambo moja juu ya mtu huyo. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe viliingia katika nchi yake, naye akakimbia. Alifika Paris, kisha Oxford katika Uingereza, kisha akavuka bahari mpaka Buenos Aires, na huko ndiko alikofia mwaka 1945. Mtu aliyetufundisha walinzi wa ubongo alikufa ugenini. Sisemi alikuwa na hofu ya usiku kama ile tunayoizungumzia, maana sikukaa naye. Nasema tu kwamba elimu hii haikuanzishwa na mtu asiyejua maana ya kuacha nyumba.

Muda mrefu watu walidhani walinzi hawa wanalala mpaka ugonjwa uje. Halafu mwaka 2005, mwaka ule ule tuliokuwa tunakimbia huku, wataalamu walipata kioo chenye nguvu cha kuangalia ndani ya ubongo wa panya aliye hai. Wakaona kwamba hawalali hata kidogo. Kila mmoja ana mikono mingi myembamba, na mikono hiyo inanyooka na kurudi bila kupumzika, inagusa huku na huku, kama mvuvi anayepapasa wavu gizani kutafuta mahali palipopasuka. Kwa saa chache wanakuwa wamegusa ubongo wote.

Nao hawagusi tu. Wanaokota takataka. Wanakula seli zilizokufa. Na mwaka 2011 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Italia walionyesha jambo ambalo watu wengi hawakulitazamia: katika ubongo wa panya mchanga, walinzi hawa wanapunguza viungo vya neva, yaani yale maungio ambamo neva moja inapasha nyingine habari. Tunajua shamba la mihogo iliyosongamana: lazima mtu aingie na kung'oa ili mingine ipate nafasi. Na kwa sababu yale tunayoyakumbuka yanakaa katika maungio hayo, mlinzi ambaye anaweza kung'oa maungio anaweza pia kugusa kumbukumbu.

Sasa tufike kwenye hofu yenyewe. Katika chuo kikuu cha Ohio State, kule Marekani, walifanya jaribio ambalo kila aliyepatwa na Mai-Mai atalielewa bila mwalimu. Waliweka panya watatu pamoja katika kizimba chao, mpaka wakakizoea kuwa nyumba yao. Halafu jioni wakaingiza panya mmoja mkubwa na mkali, akawapiga na kuwatawala kwa muda wa saa mbili, akaondolewa. Kesho yake jioni, tena. Siku sita mfululizo. Angalieni vizuri: panya hawa hawakwenda kutafuta vita. Mgeni aliingia kwao, jioni, wakiwa nyumbani.

Baada ya siku hizo sita panya wale walikuwa na woga wa kila kitu. Hawakutaka kutoka mahali penye giza kwenda penye mwanga. Wakati wataalamu walipoangalia ubongo wao, waliona mikroglia katika sehemu za hofu zimebadilika umbo, zimevimba kama mtu aliyeshika silaha. Tena ziliita msaada. Kutoka ndani ya mifupa, askari wapya wa damu walitoka na kusafiri mpaka kwenye ubongo. Kumbe ubongo uliopigwa na hofu unajiendesha kama kidole kilichochomwa na mfupa, ingawa hakuna mfupa na hakuna kijidudu. Na katika panya ambao askari wale walizuiliwa wasifike, woga ule wa siku zote haukutokea.

Wakawaacha panya wapumzike. Siku zikapita, na baada ya siku 24 walionekana wazima. Walitoka, walitembea, walikula. Ungewaona ungesema, hawa wamepona, vita vimeisha. Ndipo wakaingiza yule mkali mara moja tu, jioni moja tu. Woga wote ukarudi kama zamani. Panya wengine, ambao hawakupitia zile jioni sita za kwanza, walipoonjeshwa jioni hiyo moja hawakushikwa vile. Na wataalamu walipotafuta askari wa mara hii ya pili walikuwa wamejificha wapi, waliwakuta katika bandama. Walikuwa wamekaa humo siku zote, kimya, wanangoja kuitwa. (Mtu asiende lopitali kusema akatwe bandama. Panya waliokatwa kweli hawakurudiwa na woga, lakini mtu anahitaji bandama yake, zaidi sana katika nchi ya malaria kama yetu.)

Wazee wetu walilisema bila kizimba wala kioo: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kile ambacho elimu inaongeza ni kwamba kushtuka huko hakuko katika mawazo peke yake, wala katika moyo dhaifu. Kuko katika damu, katika bandama, katika walinzi ambao waliwekwa tayari na bado hawajaambiwa washushe silaha. Mama yule wa sokoni hakuamua kukimbia. Mwili wake uliamua mbele yake.

Hapa nawageukia viongozi. Kama jioni moja inaweza kurudisha jioni sita, basi habari ya uongo si kitu kidogo. Mtu anayepita na kinga akipiga kelele kwamba wamefika Mulongo, wamevuka mto, kumbe hakuona kitu ila alitaka soko lifungwe anunue bei ya chini, huyo hakusumbua watu siku moja tu. Amewaita tena askari wa ndani waliokuwa wameanza kutulia. Mshike, muulize aliona nini kwa macho yake, na mambo yakionekana ya uongo, yaseme wazi mbele ya watu siku ile ile. Vile vile jeshi au polisi wakitaka kujifunza kulenga shabaha, au kama kutapigwa risasi kwa heshima ya maziko, omba upewe habari mapema, upitishe mpiga ngoma au mtu wa megafoni: kesho saa tatu mtasikia risasi, si vita. Haigharimu pesa. Ubongo uliojulishwa haushtuki sawa na ubongo uliovamiwa.

Lakini msidhani walinzi hawa ni adui. Mwaka 2020 watafiti wa mji wa Hangzhou, China, walitoa habari iliyogeuza mawazo ya wengi. Waliweka panya katika sanduku na kumchoma miguu kidogo kwa umeme, mpaka akajifunza kuogopa sanduku lile. Kwa kawaida, wiki zikipita bila umeme, panya anaanza kusahau. Akirudishwa katika sanduku haogopi sana kama mwanzo. Wakajaribu kuondoa mikroglia kwa dawa. Wale waliokosa mikroglia hawakusahau. Hofu yao ilibaki mbichi. Maana yake ni nini? Mlinzi yule anayepiga kengele ya hatari ndiye pia anayefuta, polepole, maungio ambamo hofu ya zamani iliandikwa. Hakuna dawa ya kumuua mmoja na kubakiza mwingine, kwa sababu ni mmoja.

Tena kwa binadamu mambo si mepesi. Mwaka huo huo wa 2020, chuo kikuu cha Yale kilipima ubongo wa watu wenye ugonjwa wa hofu iliyobaki baada ya mabaya makubwa. Wengi walitazamia kukuta alama ya walinzi hawa imepanda. Wakaikuta imeshuka, na kwa wale walioumwa zaidi ilikuwa chini zaidi. Wataalamu bado wanabishana juu ya jambo hilo. Wengine wanafikiri kwamba mlinzi aliyepigiwa kengele miaka mingi anachoka, hafanyi tena hata kazi ya kufagia.

Kwa hiyo ukimwona mtu anayeuza vidonge sokoni, akikwambia vinatuliza ubongo wa vita, mkimbie. Maabara wanatumia dawa moja ya namna ya antibiotiki, minosiklini, kutuliza mikroglia za panya. Hiyo haina maana kwamba mtu ameze vidonge vya rangi mbili vya kwenye meza ya mwuzaji, vile tunavyovijua wote. Atadhuru tumbo lake, na atafundisha vijidudu kuzoea dawa.

Sasa niseme habari ya baraza, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapoumizwa mara ya pili.

Tuseme mama mmoja amekuja mbele ya shefu kudai shamba lake. Anaulizwa: mlikimbia lini? Anasema wakati wa mvua. Mara ya pili anasema wakati wa kiangazi. Anaulizwa nani alitangulia kufika, askari au Mai-Mai? Anachanganya. Lakini anakumbuka harufu ya mafuta ya petroli, anakumbuka kanzu ya njano ya mtu aliyesimama mlangoni, anakumbuka bukari iliyokuwa jikoni haijaiva. Basi aliyechukua shamba anasimama na kusema: mnaona, ni mwongo, hajui hata siku. Na baraza linacheka, na shamba linapotea.

Kumbe ndivyo hofu kubwa inavyoandika. Ngoma ya amigdala inapigwa kwa nguvu, nayo inachora harufu, sauti na rangi kama kisu juu ya mti. Hipokampo, yenye kazi ya kupanga siku na saa, inafunikwa na kortizoli, haifanyi kazi yake vizuri. Kwa hiyo shahidi wa kweli anaweza kuwa na vipande vyenye nuru kali, na katikati giza. Sisemi kila anayechanganya siku ni mkweli. Waongo nao wanachanganya siku. Nasema kuchanganya siku peke yake si uthibitisho wa uongo. Shefu mwenye busara atatafuta msaada mahali pengine: jirani wa mpaka, mti uliopandwa, kaburi la mzee, karatasi ya kodi. Atamwacha mama aanze pale anapokumbuka, si pale karani anapotaka kuanza kuandika. Na akiona mikono inatetemeka, atasimamisha baraza, ampe maji, amruhusu ndugu yake akae karibu. Mtu akilazimishwa kusimulia mbele ya umati wote, mbele ya yule yule anayemwogopa, hatuombi ushahidi. Tunarudisha jioni ya sita.

Kuna watoto pia. Mtoto anayekojoa kitandani akiwa na miaka kumi, anayepiga kelele usiku, anayekaa kimya darasani kama jiwe, watu wengi wanamnyoshea kidole: ni ndoki, ni yeye aliyekula baba yake. Naomba nisikike vizuri hapa, kwa maana hii ni sheria. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inasema anayemtesa mtoto rohoni kwa kumwita mchawi atafungwa mwaka mmoja mpaka mitatu na kulipa faini. Haisemi isipokuwa pasta. Haisemi isipokuwa mjomba. Kukojoa kitandani baada ya vita kunajulikana katika nchi zote zilizopigana. Mtoto yule anahitaji mtu wa kulala karibu naye na asubuhi bila fimbo.

Je, kuna njia ya kutuliza walinzi hawa? Kuna njia zilizojaribiwa, tena si mbali, na si kwa watu matajiri. Huko Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, wanawake waliofanyiwa jeuri vitani walisaidiwa katika vijiji, na matokeo yalitangazwa mwaka 2013 katika gazeti kubwa la madaktari, New England Journal of Medicine. Katika vijiji vingine wasaidizi, wanawake wenyeji wasio madaktari, walikuwa tayari kumsikiliza kila mama aliyewajia. Katika vingine walifundishwa mpango maalumu: mama anakutana na msaidizi mara moja peke yake, halafu mara kumi na moja katika kikundi cha wenzake, wakijifunza kutazama mawazo kama vile nilistahili, au ni kosa langu, na kuyapima kama ni ya kweli. Wengi wao hawakujua kusoma, basi mafundisho yakawekwa kwa kichwa. Miezi sita baada ya kumaliza, katika vijiji vya mpango huo wanawake 9 kwa 100 ndio waliokuwa bado na dalili za huzuni nzito au wasiwasi wa ugonjwa. Katika vijiji vingine walikuwa 42 kwa 100. Na vita havikuwa vimeisha kule. Wanawake wale walipona wakati bunduki bado zinasikika.

Uganda, katika kambi ya Nakivale, wakimbizi Wanyarwanda na Wasomali 277 waliingia katika jaribio lililotangazwa mwaka 2008, na waliowasaidia walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo mafupi. Njia mojawapo waliyotumia tunaweza kuielewa haraka. Unalaza kamba chini. Kamba hiyo ni maisha yako, tangu kuzaliwa. Penye jambo zuri unaweka ua. Penye jambo baya unaweka jiwe. Halafu siku kwa siku, na mtu anayekusikiliza bila haraka, unapita kutoka mwanzo wa kamba, na ukifika kwenye jiwe unasimama, unasimulia yote, mwili na harufu na maneno, mpaka woga upungue, kisha unaendelea. Jiwe linapata mahali pake na siku yake. Miezi tisa baadaye, karibu watu 7 kwa 10 kati ya waliosaidiwa walikuwa hawana tena ugonjwa ule wa hofu. Kati ya waliofuatwa tu bila msaada, hawakufika 4 kwa 10. Hakuna aliyefungua ubongo wa watu wale kuona mikroglia zilifanya nini. Lakini walilala usiku.

Hata waliobeba silaha wana jambo hili. Huko Goma njia ya kamba ilitumiwa pia kwa vijana waliotoka katika makundi ya silaha. Najua kuna mama atakayekasirika nikisema hivyo. Lakini tuliona Katanga mwaka 2004, Askofu Ntambo Nkulu Ntanda alipokutanisha Mai-Mai na wakubwa wa serikali pamoja na mashefu kule Kamina, kwamba watu wale hawakutoka mwezini. Walirudi katika vijiji. Wanakaa jirani. Kijana ambaye usiku anaota damu, na mchana hawezi kuvumilia kelele ya mtoto, ni hatari kwa mke wake kabla hajawa hatari kwa serikali.

Nimebakiza swali moja lililoletwa na baba mmoja, nalo ni zito. Anauliza: ninyi mnatufundisha kupunguza hofu. Je, nikisahau, nani atadai haki ya ndugu zangu? Si ndicho wanachotaka wale waliowaua?

Baba, nakujibu kama mtu wa sheria. Panya wa Hangzhou alisahau kuogopa sanduku. Lakini mtu ana zaidi ya panya. Wanawake wa Kivu na wakimbizi wa Nakivale hawakusahau yaliyowapata. Waliweza kuyasimulia vizuri kuliko mwanzo, kwa mpango, bila kuanguka. Huyo ndiye shahidi ambaye mwamuzi anaweza kumwandika. Hukumu ya Kipushi ya tarehe 5 mwezi wa tatu mwaka 2009 haikutegemea watu waendelee kutetemeka. Ilitegemea maneno yaliyosemwa na kuandikwa. Tena nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Roma mwaka 2002, na mkataba huo katika kifungu cha 29 unasema kwamba makosa ya vita na makosa juu ya ubinadamu hayazeeki: miaka ishirini ikipita, thelathini ikipita, kesi bado inaweza kufunguliwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua siku ambayo umelala vizuri. Kaa na mtu unayemwamini anayejua kuandika. Sema majina ya waliokufa, mahali, yale uliyoyaona kwa macho yako, na yale uliyoambiwa na wengine uyatenge. Usilazimishe tarehe usiyoijua. Andika ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi, kama ndivyo unavyokumbuka. Weka alama ya kidole. Toa nakala mbili, moja ikae kwa ndugu aliye mbali na hapa, ya pili uifunge katika plastiki maana nyumba zetu zinavuja. Ukiisha kufanya hivyo, karatasi italinda kesi, na usiku ukitaka kulala, lala.